Vipande Tisa vya Mji wa Debra

Kileleshwa, Nairobi
12 Machi 2006

Maitu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Syokau, ambaye anasema umtumie picha ya theluji uliyoipiga wewe, si ya kadi za dukani. Najua ulishaniambia kwamba mwanamke wa miaka thelathini na mbili haitwi Maitu, yaani mama, na baba yake. Lakini jina la mama yangu nilikupa mimi, na mama yangu sikuwahi kumwita Nyawira hata siku moja, kwa hivyo utavumilia.

Sisi tuko sawa. Mvua imekataa kunyesha na maji ya bomba yanakuja Jumanne na Ijumaa tu. Syokau anasema tulimwajiri kupika, si kuchota maji, lakini anajaza kila chombo chenye tumbo. Binamu yako Waithaka amehamia kibanda kikubwa zaidi pale Luthuli Avenue, bado anauza kompyuta, ila sasa anauza akiwa amevaa tai. Shangazi zako wamepunguza kuja. Miezi minne imepita tangu tumzike mama yako, na watu wana nyumba zao.

Sasa jambo lenyewe. Nahitaji skrini ya kompyuta, kubwa, na yenye nukta nyingi kuliko zote unazoweza kupata huko Uingereza. Waithaka anasema za namna hiyo hapa mjini hazijaja.

Ni kwa ajili ya ule mchezo wa kujenga mji wa mama yako, Debra wangu. Unaukumbuka. Tangu alipostaafu ualimu alikuwa akikaa hapo kila asubuhi akijenga Taita ya kwao kwenye kompyuta, na mimi nasimama nyuma na kikombe cha chai namwambia barabara haipindwi hivyo. Ananijibu, "Mji ni wangu, Gerishon. Kachore wako." Ule mji bado umo. Naufungua kila siku baada ya chai. Sichezi. Nimeisimamisha saa yake ili kitu kisibadilike, naangalia tu. Shida ni kwamba skrini hii ya zamani yenye mgongo inaonyesha kipande kimoja. Nimehesabu, mji mzima ni vipande tisa, na ukiangalia kimoja huoni vingine vinane. Nimekaa miaka thelathini na mmoja kwenye ofisi ya ramani. Ramani iliyokatwakatwa ni ya kumtia mtu aibu. Nataka kuuona wote kwenye karatasi moja.

Baba yako,
Gerishon Kibe


Leeds
2 Aprili 2006

Baba mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, maana kwenye simu unasema "tuko sawa" kisha unampa Syokau. Mimi ni mzima. Wodi ya watoto imejaa kikohozi, na nimebadilishiwa zamu. Picha ya theluji nimeiweka humu. Ile nyeusi kando si mbwa, ni buti langu.

Nilifikiri utaniomba koti, au dawa ya goti. Sikutarajia skrini ya mchezo. Nimemuuliza Odhiambo, Mkenya tunayefanya kazi naye, yuko maabara. Huyo akitoka kazini hucheza michezo ya kompyuta kama aliyeajiriwa kwayo. Alipoanza kueleza, chakula chetu kilipoa. Kumbe kuna mambo. Kwa hivyo nina maswali sita na nataka majibu sita.

Meza yako ina upana gani? Kompyuta yenyewe ina kadi ya picha ya aina gani, kwa sababu skrini kubwa kabisa zinataka kadi yenye nguvu na waya wake maalumu? Mchezo una vitu vinavyokimbia? Odhiambo anasema kwa wanaokimbizana na kupigana risasi, skrini hizi bapa nyingine huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokwenda mbio. Unataka ya umbo la mraba au ile pana? Na swali la tano, macho yako yakoje siku hizi? Odhiambo alilirudia hilo mara mbili. Anasema watu wanakosea, wanafikiri nukta nyingi maana yake ni vitu vikubwa, kumbe ni kinyume. Nukta zikiwa nyingi na ndogo, mji unaenea zaidi mbele yako lakini kila nyumba inapungua. Kwa macho yaliyochoka anapendekeza ya inchi kumi na tisa, ambayo nukta zake ni nene. Kwa kuuona mji wote ni ile ya inchi thelathini, ila nyumba zitakuwa ndogo kuliko ulivyozoea.

La sita si la skrini. Je, umelia, Baba? Shangazi aliniambia kwamba kwenye mazishi ulikuwa ukipanga viti.

Nyawira


Kileleshwa
30 Aprili 2006

Maitu mpendwa,

Tumefurahia picha. Syokau ameibandika kwenye friji na anawaambia wageni kwamba hilo ni buti. Mvua imekuja yote kwa pamoja, na mtaro wa mbele ya geti umeziba. Nimesikia huko kwenu kumeanza kuchipua maua.

Nakujibu. Meza ina upana wa milimita elfu moja mia mbili na kina cha mia sita na hamsini. Nimeichora, mchoro umo kwenye bahasha, pamoja na mahali mlango unapogonga ukifunguka. Kadi ya picha Waithaka amesema ataibadilisha, anayo moja aliyoitoa kwenye kompyuta ya mhandisi fulani. Vitu vinavyokimbia havipo, saa ya mji imesimama, hata magari yamesimama. Umbo nataka lile pana, kwa sababu mji wa mama yako umelala kutoka kwenye vilima upande wa magharibi mpaka ziwani mashariki. Alianza vilimani. Hakuniuliza.

Nataka ya inchi thelathini. Nukta elfu mbili mia tano na sitini kwa elfu moja mia sita. Sasa hivi ninazo mia nane kwa mia sita. Nimepiga hesabu, vipande vyote tisa vitaingia, labda nikose ukingo kidogo. Hiyo ya inchi kumi na tisa mpe mtu mwingine.

Mwambie Odhiambo asante. Naona ni mtu makini.

Baba yako,
Gerishon


Leeds
21 Mei 2006

Baba mpendwa,

Wote hapa hatujambo. Zamu mpya ni nzuri, narudi nyumbani jua bado lipo. Watu wameanza kupachika bendera kwenye magari kwa ajili ya Kombe la Dunia.

Niliuliza maswali sita, umejibu manne. Nimeyahesabu tena.

Halafu nimeangalia kitu kingine. Barua yako ya Machi ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Hii ya Aprili ina maneno machache kuliko ile, lakini ni kurasa nne. Wewe uliyekuwa ukiandika majina ya mito kwenye ramani kwa kalamu ya ncha ya sindano. Nilipokuwa mdogo ulinionyesha jina la kijiji ukaniambia hata sisimizi angelisoma akiwa amesimama. Mbona herufi zako zimekuwa kubwa namna hii?

Pamoja na hayo nimenunua. Ya inchi thelathini, kama ulivyotaka. Odhiambo aliichagua kama anayechagua ng'ombe. Aliwasha rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, akitafuta nukta iliyokufa, maana ikiwapo moja utaiona kila siku. Hakuipata. Alipomaliza aliniambia, "Dada, hii ni mashine. Lakini mzee ajibu lile swali." Nikamwambia wewe ukishaamua umeamua.

Lornah, tuliyesoma naye, anakuja nyumbani Juni na ataileta. Atafikia kwa dada yake Kitisuru, Waithaka aende na gari, si kwa miguu.

Nyawira


Kileleshwa
9 Julai 2006

Maitu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mkono huu ni wa Syokau. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa kuwa kidole changu kimeshikwa na baridi ya Julai. Hapa hakuna jua wiki ya pili. Leo kila mtu yuko kwenye fainali ya mpira.

Skrini imefika salama. Lornah ni mtu mzuri, tulikaa tukazungumza. Waithaka aliifunga siku moja nzima na kadi yake, akaupanua mchezo mpaka ukajaa kote. Mji wote umo, vipande tisa, hakuna kiungo hata kimoja. Ni nzuri sana. Asante.

Hapa hakuna jipya.

Baba yako,
Gerishon

Dada Nyawira, hapa sasa ni mimi Syokau. Mzee ameenda kuota jua na jua hakuna. Nisamehe lakini lazima niseme. Mzee haoni. Hiyo skrini ni kubwa mpaka Waithaka ameipiga picha na simu, lakini mzee anakaa mbele yake anaangalia tu hivi, halafu ananiita, "Syokau, soko iko wapi?" Naweka kidole. "Na stesheni?" Naweka kidole. Kwa ile ya zamani alikuwa anajua vitu kwa mahali zinakaa, sasa zote zimehama. Gazeti anashika tu. Juzi alimwaga chai kando ya kikombe akasema ni kikombe mbaya. Ukimwambia daktari anaingia chumbani. Na kidole chake haina kitu. Usimwambie ni mimi nimesema.


Leeds
30 Julai 2006

Baba,

Mimi ni mzima. Najua barua hii atakusomea Syokau, na nilichokijua nimekijua kwa mwandiko wako, si kwa mtu. Syokau, msomee yote. Hata pale utakapotaka kuruka, usiruke.

Umeniagiza mashine ya kuonyesha vitu vidogo, wewe usiyeviona vikubwa. Nami nikakutumia, nikijua. Odhiambo alinionya mara mbili. Nilinunua kwa sababu ulikuwa umeniomba kitu, na tangu Novemba hukuwa umeniomba chochote.

Waithaka anaweza kupunguza nukta kwenye mipangilio, vitu vitakua, lakini utarudi kwenye vipande. Hiyo si dawa. Ukimwona daktari wa macho pale Parklands, nadhani atakuambia ni mtoto wa jicho. Hapa wazee wanatolewa asubuhi, wanakunywa chai nyumbani jioni. Najua utanijibu kwamba mama naye aliambiwa ni upasuaji mdogo. Najua aliingia akitembea, akakuachia mkoba wake umshikie. Lakini si kwa sababu aliingia, Baba. Moyo wake ulikuwa umechoka na hakuna aliyejua, hata mimi niliye nesi.

Sasa langu. Nilikwambia sikuja kumzika kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa bado serikalini. Ilirudi Jumatatu. Mama alizikwa Ijumaa. Nilikuwa na siku nne. Nilikaa kitandani nimevaa koti, begi likiwa limefungwa, siku zote nne. Niliogopa kumwona. Nilifikiri nisipomwona atakuwa bado yupo hapo Kileleshwa akigombana nawe juu ya barabara. Sijamwambia mtu mwingine isipokuwa Lornah.

Naona aibu kuandika haya yasomwe na Syokau. Lakini wewe huwezi kuyasoma, na mimi siwezi tena kukaa nayo.

Nenda Parklands.

Nyawira


Leeds
3 Septemba 2006

Baba,

Wiki tano. Kwenye simu Syokau anasema umelala, saa nne asubuhi. Sitaki majibu sita. Nataka moja.

Nyawira


Kileleshwa
24 Septemba 2006

Maitu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Odhiambo na watoto wa kikohozi. Sisi tuko wazima. Waithaka ameacha tai, anasema inawafanya wateja waombe risiti. Syokau anakusalimu na anasema buti bado lipo kwenye friji.

Utaona ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma, na mkono ni wangu.

Nilikwenda Parklands tarehe sita. Jicho la kulia. Waithaka alinipeleka, Syokau akashika saa yangu na pochi, nikamwambia asimame nje, asikae kwenye kile kiti cha kusubiri, sikutaka mtu yeyote akae pale na vitu vya mtu mkononi. Akasimama saa nzima. Ilikuwa kama ulivyosema. Jioni nilikunywa chai. Kesho yake walipotoa bandeji niliona kwanza kwamba ukuta wa kliniki ni wa bluu, kisha kwamba Syokau amekonda. Nimemwongezea siku za likizo.

Kuhusu zile siku nne. Nilijua hata kabla ya barua yako. Lornah alizitaja akidhani uliniambia. Barua yako iliposomwa, Syokau alifika hapo akataka kuruka, nikamwambia endelea. Sikukukasirikia. Nakwambia kweli, sikuhisi kitu chochote. Na hicho ndicho kilichonitia hofu. Nilipanga viti kwenye mazishi kwa sababu vilikuwa vimekaa ovyo. Baada ya hapo miezi kumi nimekuwa kama mguu uliokaliwa, unajua ni wako lakini ukiufinya hausemi. Nikawaza, msichana huyu amekaa na koti siku nne kwa sababu anahisi sana, na mimi nimekaa miezi hiyo yote mbele ya mji uliosimama kwa sababu sihisi. Sote wawili tumekaa tu. Siku ya pili nilimwambia Waithaka atafute gari, ila daktari alinipangia hiyo tarehe sita.

Sasa nikueleze mji.

Niliufungua Jumapili iliyopita. Wote, bila kiungo. Kwanza niliona makosa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Shule ameiweka kwenye bonde litakalojaa maji. Barabara zake zote zimepinda, hata pale ambapo hapana kilima. Nikafuata ile kubwa kutoka vilimani, ikapita soko, ikapita stesheni, ikielekea ziwani. Siku zote nilijua inafika ziwani, kwa sababu ramani yenye barabara na ziwa huwa hivyo. Haifiki. Inaishia katikati ya nyasi. Pale ilipoishia kuna kibao, mchezo unakuruhusu kuweka vibao na kuandika. Kwenye skrini ya zamani sikuwahi kufika pale, ni kipande cha tisa, cha mwisho, na nilikuwa nikichoka kwenye cha sita. Kwenye mpya, Syokau alikuwa akiweka kidole pale nilipomuuliza tu, na pale sikuwahi kumuuliza.

Herufi ni ndogo. Nimezisoma mwenyewe. Zinasema: GERISHON APIME HAPA.

Mama yako aliandika hayo kabla ya kwenda hospitali. Ameacha kipande hicho kwa ajili yangu, baada ya kunifukuza kwenye mji wake miaka miwili.

Uliniuliza mwezi wa nne kama nimelia, sikukujibu. Nimelia Jumapili iliyopita. Nililia mpaka Syokau akaja mbio akifikiri ni dawa ya matone. Nikamwambia si matone. Akavuta kiti akakaa, na mimi nikaendelea. Inauma, Maitu. Nilikuwa nimesahau kwamba inauma.

Jicho la pili ni tarehe kumi na nane Oktoba. Nilitaka kusubiri mpaka nalo lipone ndipo nipime, lakini watu wa vipimo hutazama kwa jicho moja na kufumba jingine, kwa hivyo sina kisingizio. Ile barabara nimeipima jana. Nikachora kwanza kwenye karatasi, kwa rula, kutoka kwenye kibao mpaka ukingo wa maji. Mstari mmoja ulionyooka, jinsi nilivyomwambia kila asubuhi.

Kisha nikaweka rula chini, nikamwambia Syokau anionyeshe pa kubonyeza, nikaitengeneza. Nimeiacha saa ya mji itembee. Magari yameanza kushuka ziwani.

Uje Desemba uione. Nimeipinda, Maitu. Nimeipinda kama yeye angeipinda.

Baba yako,
Gerishon